Ugumu, Muda na Hamu ya Jana: Uhakiki wa Mchezo wa Video F-Zero GX kwa Jicho la Msomaji kutoka Titye, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki F-Zero GX (2003), mchezo wa video wa mashindano ya vyombo vya mwendo kasi vya wakati ujao, ambao wapenzi wake huukumbuka zaidi kwa ugumu wake. Lengo ni kubainisha kile hasa kinachotamaniwa na wanaoutamani mchezo huu. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, na umefanywa kwa kuisoma matini ya mchezo wenyewe na kuilinganisha na michezo iliyochezwa na watoto wa Titye, wilayani Kasulu, katika miaka hiyohiyo. Makala yanadai kuwa hamu hiyo huusifu ugumu ilhali kinachokumbukwa ni vitu viwili vingine: kanuni zisizobadilika na muda wa kushindwa bila gharama. Cha kwanza ni sifa ya kisanaa, cha pili ni mali. Kutovitenganisha kunaweza kuupotosha uhakiki wa michezo ya kidijitali unaoanza kuchipua katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii inachukulia kuwa yaliyopita na yajayo yamekaa pande mbili zisizochanganyika: nyuma kuna kilichokwisha, mbele kuna kazi. F-Zero GX inauvuruga mpangilio huo. Visa vyake vinatokea katika karne ya 26, wakati vyombo visivyo na magurudumu vinapoelea juu ya barabara zilizosokotwa angani na kupita kilomita 1,000 kwa saa. Hata hivyo, wanaouzungumzia leo huuzungumzia kama kitu cha utotoni. Kesho ya mchezo imekuwa jana ya mchezaji.

Mfululizo wa F-Zero ulianza nchini Japani mwaka 1990, ukafuatiwa na F-Zero X mwaka 1998. F-Zero GX ilitolewa Japani tarehe 25 Julai 2003 kwa ajili ya mashine ya GameCube. Iliundwa na Amusement Vision, kitengo cha kampuni ya Sega kilichoongozwa na Toshihiro Nagoshi, na kuchapishwa na Nintendo. Ushirikiano huo ulikuwa wa aina yake, kwa kuwa kampuni hizo mbili zilikuwa mahasimu wa soko hadi Sega ilipoacha kutengeneza mashine za nyumbani mwaka 2001. Baada ya F-Zero Climax ya mwaka 2004, mfululizo huu ulinyamaza hadi ilipotolewa F-Zero 99 mwaka 2023. GX yenyewe ilirejeshwa mwezi Juni 2025 kwa wamiliki wa Nintendo Switch 2 wanaolipia usajili. Kwa hiyo, kati ya kutolewa na kurejeshwa kwake kuna takriban miaka 22, muda unaotosha mtoto kuwa mzazi.

Mchezo ulipotoka, wahakiki waliusifu kwa mwendo wake na kwa uzuri wa picha zake, na baadhi yao waliulaumu kwa ugumu uliopanda ghafla mno. Leo lawama hiyo imegeuka kuwa sifa. Anayeukumbuka huanza na ugumu, tena kwa fahari, kama askari mstaafu anayetaja vita alivyopigana. Namna lawama ya mwaka 2003 ilivyogeuka kuwa sifa ndiyo tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Kinachohitaji maelezo ni hukumu, kwa kuwa matini ni ileile. Kilichobadilika ni msomaji na mahali anaposomea.

Swali hili lina uzito kwa taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Michezo ya watoto imekuwa ikikusanywa na kuchambuliwa kama sehemu ya fasihi simulizi, lakini michezo ya kidijitali, ambayo kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki imeshika nafasi ya ile ya uwanjani, bado haijapata vigezo vyake vya uhakiki katika lugha hii. Iwapo tutaazima vigezo hivyo kutoka kwa hamu ya watu wengine bila kuvipima, tutakuwa tumeazima na utoto wao pia, na kuuacha wa kwetu nje ya kumbukumbu.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi huu umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana mbili. Ya kwanza ni ya Hans Robert Jauss, kwamba kila msomaji huiendea kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzijua, na kwamba thamani ya kazi hubadilika kadiri upeo huo unavyosogea. Ya pili ni ya Wolfgang Iser, kwamba matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa kushiriki kwake. Mchezo wa video unaidhihirisha dhana hii kuliko riwaya, kwa sababu mchezaji asipolijaza pengo, matini haisongi mbele hata hatua moja.

Kuhusu hamu ya jana, neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya liliundwa na Johannes Hofer mwaka 1688, katika tasnifu yake ya utabibu huko Basel, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kurejea nyumbani na maumivu. Kwa Hofer, hamu hiyo ilikuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Svetlana Boym (2001) aliitenga katika aina mbili: hamu inayotaka kurejesha kilichopotea kama kilivyokuwa, na hamu inayokaa na upotevu wenyewe na kuutafakari. Jesper Juul (2013) naye anatukumbusha kitendawili cha michezo: binadamu hukwepa kushindwa, lakini huitafuta kwa hiari michezo anayojua itamshinda. Makala haya yanaziunganisha hoja hizo kwa kuuliza: ni kushindwa kwa namna gani kunakotamaniwa baadaye, na ni nani aliyekumudu?

3.0 Aina Mbili za Ugumu katika F-Zero GX

Wanaousifu ugumu wa GX huuzungumzia kama kitu kimoja. Usomaji wa karibu unaonyesha kuwa ni viwili, na kwamba havina hadhi sawa.

3.1 Ugumu wa Kanuni

Katika mashindano ya vikombe, vyombo 30 hukimbia kwa pamoja. Kila chombo kina akiba moja ya nishati, na akiba hiyo ina kazi mbili zinazogombana. Kwanza, ni uhai: kila chombo kinapogonga ukingo au kugongwa na mpinzani, nishati hupungua, na ikiisha chombo hulipuka. Pili, ni mwendo: kuanzia mzunguko wa pili, mchezaji anaweza kutumia sehemu ya nishati hiyohiyo kujipa msukumo wa ziada. Vipo vipande maalumu vya barabara vinavyojaza akiba, lakini anayevifuata huenda akapoteza njia fupi. Baadhi ya barabara hazina kingo, na anayeanguka huwa ametoka mashindanoni.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inaweka uhai na mwendo katika chungu kimoja. Kila anayetaka kuwahi lazima akopeshe sehemu ya uhai wake, na kila anayeuhifadhi uhai wote hubaki nyuma. Methali mwenda pole hajikwai haimsaidii mchezaji hapa, kwa kuwa mwenda pole hajikwai lakini pia hafiki. Haraka haraka haina baraka nayo ni kweli nusu tu. Mchezaji hutakiwa kuijua haraka yenye kipimo, na kipimo hicho hakifundishwi kwa maneno. Hufundishwa na kona ileile, inayogongwa mara ya ishirini, hadi mkono uijue kabla ya jicho.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu wa jambo hili katika bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana shimo moja maalumu liitwalo nyumba, ambamo kete nyingi huwekwa mwanzoni. Mwenye nyumba hufikia mahali pa kuamua ama kuilaza ama kuisafirisha. Akiilaza mno, anaweza kuliwa akiba yote kwa mkupuo mmoja. Akiisafirisha mapema, anaweza kubaki mtupu mchezo ukiwa bado mbichi. Fundi wa bao na dereva wa GX wanakabiliwa na swali moja: akiba itumike lini? Tofauti ni kwamba fundi anaweza kutafakari akiwa ameshika kete mkononi, ilhali mashine huchora picha 60 kwa sekunde na haimsubiri mtu.

Ugumu wa namna hii ni ugumu wa kanuni. Kanuni zinajulikana tangu mwanzo na hazibadiliki. Barabara ya leo ni barabara ya jana, na anayeshindwa anaweza kueleza kwa nini ameshindwa. Kushindwa kunakuwa ni maarifa. Hapa GX inastahili sifa inazopewa, na mhakiki asiyeziona atakuwa hajaisoma.

3.2 Ugumu wa Bei

Sehemu ya hadithi ni jambo jingine. Ina sura tisa zinazomfuata Captain Falcon, mwindaji wa wahalifu na bingwa wa mashindano, na kila sura ina viwango vitatu vya ugumu. Katika sura ya pili tu, mchezaji hushindana na Samurai Goroh katika korongo linaloporomosha mawe njiani. Hapo ndipo wengi hukwama, hadithi ikiwa haijafika popote.

Tatizo la kisanaa hapa ni uhusiano kati ya ugumu na simulizi. Vipande vya filamu vinavyofungua na kufunga sura vinamchora Falcon kama mtu asiyetetereka: anasema machache, anashinda, anaondoka. Mchezaji ndiye aliyeshindwa mara thelathini kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa. Hadithi haijui lolote juu ya kushindwa huko. Hakuna mhusika anayekutaja, wala sura inayobadilika kwa sababu yake. Kwa istilahi ya Iser, pengo kubwa kuliko yote katika matini hii ni lile lililo kati ya shujaa asiyeshindwa na mkono unaomwendesha, na matini yenyewe haionyeshi dalili ya kulitambua. Ugumu umesimama nje ya hadithi kama lindo mlangoni, na haujaingia ndani kuwa sehemu ya maana.

Sura ya sita ni ya kipekee. Katika sura hiyo, adui aitwaye Black Shadow amemtega Falcon: mwendo ukishuka chini ya kilomita 700 kwa saa, bomu litalipuka. Hapa sharti la mchezo na sharti la hadithi ni kitu kimoja. Hofu ya mhusika na hofu ya mchezaji zinapimwa kwa mshale mmoja wa mwendo. Sura hii inasema waziwazi kile ambacho mchezo mzima unakidokeza, kwamba katika kesho hii iliyobuniwa kusimama ni kufa. Laiti sura zote zingekuwa na muungano huu, sehemu ya hadithi ingekuwa kazi kubwa. Kwa bahati mbaya, nyingi zina kazi ngumu iliyobandikwa kando ya simulizi nyepesi.

Kipo kielelezo kingine kinachofichua asili ya ugumu huu. Mchezaji anayekamilisha sura kwa kiwango cha juu kabisa hupewa madereva na vyombo vilivyotoka katika F-Zero AX, mchezo pacha uliowekwa katika mashine za kumbi za michezo. Lakini palikuwa na njia ya pili ya kuvipata: kuichukua kadi ya kumbukumbu ya GameCube, kwenda nayo ukumbini, kuichomeka katika mashine ya AX na kulipia mchezo. Yaani zawadi ileile ililipiwa ama kwa saa nyingi za kushindwa ama kwa nauli na sarafu. Muundo wenyewe wa mchezo umekiri kuwa ugumu huu ni bei, na bei inaweza kulipwa kwa fedha ya aina zaidi ya moja. Kwa sababu hiyo makala haya yanauita ugumu wa bei.

4.0 Titye: Nani Alikuwa na Muda wa Kushindwa?

Ikiwa ugumu ni bei, ni halali kuuliza nani aliweza kuilipa. Swali hili linaulizwa hapa kutoka Titye, kata iliyo katika Wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za Buha, ambako mwandishi wa makala haya alilelewa. Titye imechaguliwa kwa sababu ya umri, wala si kwa madai ya upekee: watoto waliokuwa huko mwaka 2003 ni rika moja na wale ambao leo wanaikumbuka GX kwa machozi kwingineko duniani.

GX haikuwa sehemu ya utoto wa Titye. Dunia nzima ilinunua takriban mashine milioni 21.7 za GameCube, wakati mpinzani wake, PlayStation 2, iliuzwa kwa zaidi ya milioni 155. Ni PlayStation iliyojaza vibanda vya gemu vya miji ya Tanzania. Umeme nao ulikuwa hoja. Miji ya Kasulu na Kibondo iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na Mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 tu. Kijijini, umeme ulikuwa ni betri au jenereta la mwenye duka.

Hata hivyo, watoto wa Titye hawakukosa michezo ya mwendo wala michezo migumu. Wa kwanza ulikuwa ringi: duara la chuma la baiskeli au tairi kuukuu, linalosukumwa kwa kijiti na kukimbizwa mteremkoni. Kona zake zilikuwa za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha zilibadilika usiku mmoja. Wa pili ulikuwa kile kimashine cha mkononi cha matofali kilichouzwa masokoni na minadani, ambacho mbali na kupanga matofali kilikuwa na gari dogo la vipande vyeusi lililokwepa magari mengine kwa kasi iliyozidi kuongezeka hadi jicho lishindwe. Wa tatu ulikuwa nyoka wa simu za Nokia, aliyerefuka kila alipokula hadi akajiuma mwenyewe. Wa nne, kwa waliofika mjini Kasulu siku ya soko, ulikuwa kibanda chenyewe: televisheni, mashine moja, vidhibiti viwili na benchi.

Tukiipanga michezo hii minne kwa gharama ya kushindwa, picha inajitokeza. Ringi ilikuwa na gharama ya kicheko, pamoja na kuifuata bondeni. Kimashine cha matofali kilikula betri, na betri zilinunuliwa. Nyoka alikula chaji ya simu ambayo haikuwa ya mtoto bali ya baba au kaka, na kuichaji dukani kulilipiwa. Kibandani gharama ilikuwa wazi kuliko kote: unalipia mechi au dakika, na kwa utaratibu uliozoeleka, anayefungwa huinuka na kumpisha anayesubiri.

Katika uchumi huo, mchezo wa upweke unaomtaka mtu ashindwe mara mia ili ajifunze kona moja usingeweza kustawi. Hakuna ambaye angelipia kushindwa na mashine wakati fedha ileile ingemnunulia mpinzani mwenye uso. Vibanda vilitawaliwa na kandanda na ngumi za watu wawili kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu watoto wa Kasulu walikuwa wavivu wa ugumu. Michezo ya mashindano ya magari ilichezwa, lakini skrini ikiwa imegawanywa pande mbili.

Mtu anayesema alishindwa na GX mara mia mbili kabla ya kuishinda anasimulia ushujaa wa kweli. Lakini bila kujua anasimulia pia kwamba alikuwa na mashine yake, umeme usiokatika, chumba chenye mlango, na alasiri ambazo hakuna aliyemhitaji shambani wala kisimani. Kushindwa mara mia mbili ni mali. Hamu ya ugumu, ikichunguzwa, ni hamu ya muda ule ambao kushindwa hakukuwa na deni. Mchezaji aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anajua kuwa leo kila kushindwa kwake kuna anayekulipia. Ndiyo maana anaukumbuka ugumu wa GX kama pumziko.

Kwa upande wa Titye, kinachokumbukwa ni tofauti. Aliyecheza kibandani hakumbuki ugumu wa mchezo, anamkumbuka aliyemfunga. Ugumu ulikuwa ndani ya mtu wa pili, naye alijifunza kadiri ulivyojifunza. Tofauti hii inatupeleka kwa Boym. GX ilirejeshwa mwaka 2025, na barabara zake ni zilezile. Hamu ya kurejesha ilipata dawa yake, hata kama ni kwa usajili. Lakini mpinzani wa kwenye benchi la Kasulu hawezi kutolewa upya. Ameoa, amehamia Kaliua kulima tumbaku, au amefariki. Hamu ya kibanda haina namna ila kutafakari. Kati ya hamu hizo mbili, hii ya pili ndiyo isiyo na soko, na kwa hiyo isiyo na mtu wa kuiandika.

5.0 Somo la Arudhi

Taaluma ya fasihi ya Kiswahili imewahi kukabiliana na hamu ya ugumu, ingawa haikuitwa hivyo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji katika mkoa huuhuu wa Kigoma, alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Sheria za vina na mizani ziliwekwa bayana kwa kila anayetaka kutunga. Miaka 20 baadaye, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) kiliwaweka wasomaji mbele ya mashairi yasiyofuata sheria hizo, na mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa ukapamba moto.

Katika mgogoro huo zilisikika hoja mbili za kuitetea arudhi, na mara nyingi zilichanganywa. Ya kwanza ilisema kuwa ushairi wa kimapokeo ni bora kwa sababu ni mgumu, na kwamba anayeuacha ameshindwa kuumudu. Ya pili ilisema kuwa arudhi ni sheria ya pamoja: msomaji wa gazeti anaijua, mtunzi anaijua, na mshairi wa mkoa mwingine anaweza kumjibu mwenzake kwa vina vilevile na watu wakapima nani amezidi. Hoja ya kwanza huufanya ugumu kuwa kizuizi cha kuwachuja watu. Ya pili huufanya kuwa uwanja wa kukutana. Muda umeonyesha kuwa ya kwanza ilikuwa dhaifu, kwa kuwa tungo ngumu zisizo na uhai ni nyingi. Ya pili ingali na nguvu, na hata mshairi wa mtindo huru hufaidika anapoijua sheria anayoiacha.

Mgawanyo huo ndio uliojitokeza katika GX. Ugumu wa kanuni katika mashindano ya vikombe ni ndugu wa arudhi kama sheria ya pamoja: wachezaji wawili wasiojuana wanaweza kulinganisha muda wao katika barabara moja, na sekunde zikawa mahakama. Ugumu wa bei katika sehemu ya hadithi ni ndugu wa arudhi kama kizuizi. Hamu ya jana huvichanganya viwili hivi kwa sababu mchezaji alivipitia kwa umri mmoja na kwa mkono mmoja. Kazi ya mhakiki ni kuvitenganisha.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza maswali manne ya kuuliza kila mchezo mgumu unapohakikiwa. Je, kanuni zake zinajulikana na zinabaki zilezile? Je, kushindwa kunafundisha? Je, ugumu unasema jambo ndani ya simulizi, au umebandikwa mlangoni? Na je, gharama ya kushindwa ililipwa na nani, kwa nini na wapi? Maswali matatu ya kwanza yanahusu matini. La nne linahusu upokezi, na ndilo ambalo wasifiaji wa ugumu hulisahau.

6.0 Hitimisho

Kwa vigezo hivyo, hukumu ya makala haya juu ya F-Zero GX ni kwamba mashindano yake ya vikombe ni miongoni mwa mifano bora ya ugumu wenye maana katika michezo ya video. Akiba moja ya uhai na mwendo ni wazo sahili lililozaa maamuzi mengi, na linastahili kufundishwa pamoja na nyumba ya bao. Sehemu ya hadithi, isipokuwa sura ya sita, haifikii kiwango hicho. Lawama iliyotolewa mwaka 2003 dhidi yake ilikuwa ya haki, na miaka 22 ya hamu haijaifuta.

Kuhusu hamu yenyewe, makala hayaikatazi. Aliyeipenda kona iliyomwangusha mara mia ana haki ya kuirudia. Linalokataliwa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kuwa vijana wa leo wamelegea kwa kuwa hawakupitia ugumu huo. Kauli hiyo huchukua mali ya mtu na kuiita tabia njema yake. Kijana wa Titye aliyekabidhi kidhibiti baada ya kufungwa mara moja hakuwa na moyo mdogo kuliko wa yule aliyeshindwa mara mia mbili chumbani kwake. Alikuwa na sarafu moja.

Inapendekezwa kuwa watafiti wa fasihi simulizi na utamaduni wayakusanye masimulizi ya vibanda vya gemu, pamoja na misamiati, matambo na taratibu zake za zamu, kabla ya waliovikalia kusahau. Kazi hiyo haina budi kufanywa mapema. Mchezo wa Kijapani uliowekwa katika karne ya 26 umehifadhiwa na wenyewe na unaweza kuchezwa leo, huku benchi la mbao la mjini Kasulu, la karne hii tuliyomo, likiwa halina pengine pa kuhifadhiwa isipokuwa katika kumbukumbu za waliolikalia.